Kalamu si Karamu: Mwalimu wa Bukene na Mafunzo ya Mtandao

Msafiri atokaye Tabora kwenda Mwanza kwa gari la moshi, akiisha kuipa mgongo miembe ya mji ule wa kale na kuingia katika tambarare ya mpunga, karanga na mahindi, hufika Bukene, kituo na mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Nzega, ambao tangu reli ya Mwanza ilipokamilika mwaka 1928 umezoea kuona mizigo ikishushwa na kupakiwa. Wakaao pande zile, aghalabu, ni Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe, na watoto wao huingia darasa la kwanza wakiwa na lugha ya nyumbani iliyo timamu, lakini Kiswahili chao kingali kichanga. Tuchukue mfano wa mwalimu katika darasa la namna hiyo, aandikaye ubaoni maneno mawili, kalamu na karamu, na darasa zima likayasoma kwa sauti moja yenye furaha, ila kwa neno moja tu: kalamu, kalamu. Hapana mtoto aliyekosa akili wala aliyepungukiwa na masikio. Ni kwamba katika lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama hapana ukuta baina ya sauti hizo mbili, na ukuta usiokuwapo mtu haugusi hata aonyeshwe mahali unapopita.

Mwalimu huyo, katika zama hizi, hayuko peke yake kama walivyokuwa waliomtangulia. Kwenye mkoba wake mna kishikwambi, kompyuta bapa ya kushika mkononi, na ndani ya kishikwambi, maadamu mtandao unashika na bando halijaisha, mna masomo yaliyoandaliwa na mabingwa wa Dar es Salaam juu ya namna ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Je, masomo hayo yanaweza kumfanya awe mwalimu bora kuliko alivyotoka chuoni? Na yakiweza, yanaweza kwa kadiri gani, kwa sharti gani, na uwezo wa masomo hayo unakoma mahali gani? Hilo ndilo suala la makala hii. Na ingawa ni suala la nchi nzima, na la nchi nyingi, nimependa kulitazama kutoka Bukene, kwa sababu watu wa huko wanajua tangu babu zao maana ya kungoja kitu kitokacho mbali.

Kabla ya reli palikuwa na miguu. Tabora, katika Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara: mmoja ukishika njia ya Ujiji na Ziwa Tanganyika, mwingine ukielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Wazungu Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani katikati ya mwaka 1857, hawakuingia Kaze, kama mji ule ulivyoitwa, ila mwezi wa Novemba. Safari ya miezi kama hiyo haikuendeshwa kwa nguvu za mabega peke yake. Iliendeshwa kwa vituo: mahali penye maji, mahali penye chakula cha kununua, mahali pa kupumzisha wagonjwa na kufunga upya mizigo iliyolegea, na mbele ya wote alitembea kirangozi, mtu aliyeijua njia kwa nyayo zake mwenyewe. Tena liko jambo ambalo wengi hulisahau. Njia ile haikufunguliwa na watu wa pwani. Wanyamwezi walikwisha kufika pwani na pembe zao za ndovu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Waarabu na Waswahili hawajajenga matembe yao Unyanyembe, na upagazi ukawa kwao kazi ya heshima yenye kanuni zake. Sisemi kwamba njia ile ilikuwa ya heri tupu, maana ilipitisha watumwa pia, na aibu hiyo haifutiki. Nasema tu kwamba ilikuwa njia ya kwenda na kurudi, na kwamba waliozaliwa bara ndio waliokuwa wa kwanza kuikanyaga.

Nimeyaleta haya ili yatusaidie kupima njia mpya. Maana mtandao nao ni njia, wala si mwalimu. Na njia haipimwi kwa upana wake tu, bali kwa vituo vyake, kwa kirangozi wake, na kwa mzigo unaorudi.

Yafaa kukumbuka pia kuwa kumfundisha mwalimu aliye mbali si jambo lililozaliwa na kompyuta. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kuchapa gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo, na gazeti hilo likawafikia walimu, makarani na wasomi wengine wa bara. Ndani yake mlikuwa na maarifa ya kilimo, afya, habari za dunia na mambo ya shule. Lakini lililolipa uhai ni kwamba wasomaji nao walijibu. Walituma barua, mashairi na habari za miji yao, wakakosoana lugha, na hivyo mwalimu wa kijijini alikuwa msomaji na mwandishi kwa wakati mmoja. Tukitaka kusema kweli, huo ulikuwa mtandao wa walimu, uliokwenda kwa mwendo wa posta.

Mfano mkubwa zaidi, na ambao kwa maoni yangu ungepaswa kusomwa na kila mtu apangaye mafunzo ya walimu leo, ulikuja nusu karne baadaye. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU, ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba watoto wote wa Tanzania wenye umri wa kwenda shule wawe shuleni ifikapo mwaka 1977. Azimio hilo lilikuwa tukufu, lakini hesabu yake ilikuwa ngumu: vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza hata kidogo kutoa walimu waliohitajika kwa muda ule. Serikali, kwa msaada wa fedha kutoka nje, ikachagua njia ambayo wakati huo haikuwa na mfano mwingi. Ilichukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka katika shule za vijiji wafundishe chini ya uangalizi, na huku wakifundisha nao wakawa wanafunzi: wakipokea masomo kwa posta, wakisikiliza vipindi vya redio, wakikutana katika vituo vya kata, wakitembelewa na wakufunzi, na mwishowe wakikusanywa chuoni kwa wiki chache kabla ya mtihani. Kati ya mwaka 1976 na 1984 zaidi ya vijana 45,000 waliingia katika mpango huo, na takriban 35,000 wakahitimu.

Watu waliwaita walimu wa UPE, yaani wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na jina hilo halikutamkwa kwa heshima sikuzote, kama vile miaka ya baadaye walimu waliopikwa kwa haraka walivyopachikwa jina la voda fasta. Lakini insafu yatudai tuseme lililo kweli. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa darasani walimu wale hawakuachwa mbali na wenzao waliokaa chuoni muda mrefu, na bila wao watoto wengi wa vijiji kama vile vya Nzega wasingemwona mwalimu kabisa. Swali lenye manufaa ni hili: ni kipi katika mpango ule kilichofanya kazi? Si redio peke yake, maana redio husema lakini haisikii. Si karatasi za posta peke yake, maana karatasi hukawia na hukaa kimya. Kilichofanya kazi ni ule mchanganyiko: somo lililotoka mbali, darasa halisi la kulijaribia kesho yake asubuhi, walimu wenzao wa kulizungumza nao katika kata, na mkufunzi aliyefika kwa miguu au kwa baiskeli, akakaa nyuma ya darasa, akatazama. Mwishoni mwa miaka ya 1980, fedha zilipopungua, kilichokatika upesi ni yule mkufunzi mtembezi na ile mikutano ya kata. Na mafunzo ya mwalimu kazini yakarudi kuwa semina ya mara moja baada ya miaka kadhaa.

Basi tuingie katika zama za kompyuta. Kuanzia mwaka 2005 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianza kupeleka kompyuta na intaneti katika vyuo vya ualimu vya umma, kwa fikra kwamba mwalimu akiizoea mashine chuoni ataifuata popote aendako. Na mwaka 2007 ikatolewa sera ya teknolojia ya habari na mawasiliano kwa elimu ya msingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na ambacho kina kituo Tabora, kilishirikiana na vyuo vingine vya Afrika katika mradi wa TESSA, ulioanza mwaka 2005, wa kuandika masomo ya ualimu yaliyo huru kutumiwa na kubadilishwa na yeyote, yakiwamo ya Kiswahili. Mwaka 2009 waya wa kwanza wa baharini wenye nguvu ulitua Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ukaanza kutandazwa kwenda mikoani. Kutoka mwaka 2014 mradi wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza, uliichukua Tabora kuwa miongoni mwa mikoa yake: walimu wa madarasa ya chini wakasoma pamoja moduli za kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, walimu wakuu wakapewa vishikwambi vya kuwekea habari za shule, na waratibu elimu kata wakapewa pikipiki.

Kisha yakaja mambo mawili makubwa karibu karibu. La kwanza ni mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao badala ya kumwita mwalimu mjini kwa semina unamtaka ajifunze papo hapo shuleni, katika jumuiya za kujifunza za walimu wenzake na katika vituo vya walimu, huku masomo yakipatikana katika mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania. La pili ni la vifaa: baada ya Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viliunganishwa na vingine vilivyonunuliwa, vikagawiwa walimu wa nchi nzima, jumla yake ikikaribia laki tatu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini na mkufunzi wa mjini wakawa na kifaa cha namna moja mkononi.

Neema hii haifai kubezwa. Mtandao unafanya vizuri mambo ambayo mafunzo ya zamani yaliyafanya vibaya au hayakuyaweza kabisa. Kwanza, unalinda neno lisiharibike njiani. Mafunzo ya ngazi kwa ngazi, ambapo mabingwa huwafundisha wa mkoa, wa mkoa wakawafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha wa kata, yalifanana na chumvi iliyotiwa katika maji ya mtungi, kisha maji yakamiminwa katika mtungi mwingine na kuongezwa mengine, na mengine tena. Anywaye mwisho aliambiwa ni maji ya chumvi, lakini ulimi wake haukuthibitisha. Somo la mtandaoni humfikia mwalimu wa Bukene kama lilivyotoka kwa mwandishi wake. Pili, linarudiwa. Semina ikiisha imeisha, lakini picha ya video ya mwalimu hodari akifundisha kutenganisha silabi yaweza kutazamwa mara tatu usiku mmoja. Tatu, halimtoi mwalimu darasani. Na katika shule yenye walimu wachache, siku tano za semina mjini ni siku tano za watoto kukaa bila somo. Nne, linaondoa upendeleo, kwa kuwa haliulizi nani anafahamiana na nani ofisini ili ateuliwe kwenda semina yenye posho. Na hili la mwisho si dogo, maana kwa miaka mingi mafunzo na posho vilifungwa kamba moja, hata wengine wakashindwa kusema walikwenda kutafuta kipi.

Vizuizi navyo vinajulikana, na sitavikalia sana, kwa kuwa ni vya namna ambayo fedha na muda vyaweza kuviondoa. Umeme umefika katika vijiji vingi kwa juhudi za Wakala wa Nishati Vijijini, lakini haukai siku zote, na kishikwambi kisicho na chaji ni kipande cha kioo. Bando hununuliwa kutoka mfuko wa mwalimu, na mwalimu mwenye ada za watoto wake za kulipa hutazama mara mbili kabla ya kutumia bando lake kwa video ndefu ya mafunzo. Kifaa huharibika, na fundi yuko Tabora mjini au mbali zaidi. Wako pia walimu wa umri mkubwa, hodari ubaoni, ambao vidole vyao vinakiogopa kioo, na ambao hawapendi kuonekana wakifundishwa kubonyeza na vijana waliowafundisha wao kusoma. Kwa haya yote dawa zipo: masomo yahifadhiwe ndani ya kifaa yasomeke bila intaneti, video ziwe fupi, kampuni za simu zikubaliane na serikali mwalimu asomapo masomo ya taasisi asikatwe bando, na kila shule iwe na mtu mmoja aliyefunzwa kutengeneza hitilafu ndogo ndogo.

Kizuizi kikubwa zaidi ni muda, nacho hakinunuliwi dukani. Mwalimu afundishaye darasa la wanafunzi wengi mno, asahihishaye madaftari yao jioni, na mwenye shamba la kulima ili mshahara ufike mwisho wa mwezi, huambiwa ajifunze mtandaoni. Lakini hakuna aliyemwambia ajifunze saa ngapi. Mpango wowote wa mafunzo usiotaja saa katika ratiba ya shule ni mpango unaoomba sadaka kwa mtu aliyekwisha kutoa. Ndiyo maana wazo la jumuiya za kujifunza, likitekelezwa kwa dhati na kupewa saa yake rasmi ya juma, lina thamani kuliko mfumo wenyewe wa kompyuta, ingawa kompyuta ndiyo hupigwa picha.

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme vizuizi vyote vimeondoka: umeme upo, bando ni bure, muda umetengwa. Je, mwalimu atakuwa bora? Hapa ithibati za nchi nyingine zinatutaka tuwe na hadhari. Serikali ya Peru iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 mashuleni, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 haukuona kwamba watoto walizidi katika lugha wala hesabu. Vifaa vilifika, ufundishaji ukabaki ulivyokuwa. Uchunguzi huo wa Peru ulihusu watoto, basi tutazame mwingine uliowahusu walimu hasa. Katika jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, walimu wa madarasa ya chini walipewa maandalio ya masomo ya kusoma Kiingereza kwa namna mbili: kundi moja lilipata karatasi na mshauri aliyefika darasani mwao, kundi la pili likapata kompyuta bapa zenye maandalio yale yale, na mshauri aliyezungumza nao kwa simu na ujumbe. Baada ya mwaka wa kwanza makundi hayo mawili yalilingana, na wapenda mashine wakafurahi. Baada ya miaka mitatu mizani iliinama: wanafunzi wa walimu waliotembelewa walikuwa wamewaacha nyuma kwa dhahiri wale wa walimu walioshauriwa kwa mbali.

Kwa nini? Kwa sababu ualimu, mbali na kuwa elimu, ni ufundi, na ufundi una sehemu isiyokaa katika maneno. Mwanagenzi wa useremala hujua mengi kwa kuambiwa, lakini randa huishika sawasawa siku fundi anapoweka mkono wake juu ya mkono wake. Mwalimu akitazama video huona mwalimu mwingine; haoni nafsi yake. Hajui kwamba anapouliza swali macho yake huwaendea watoto wanne wa mstari wa mbele, wala hajui kwamba yeye mwenyewe, aliyezaliwa Nzega, hutamka karamu kama kalamu na kwa hiyo hawezi kulisikia kosa la wanafunzi wake. Mambo hayo huonwa na mtu wa pili aliyekaa nyuma ya darasa, na husemwa kwa murua chini ya mwembe baada ya kengele, na mtu ambaye mwalimu anamwamini. Kifaa chaweza kumkumbusha mtu huyo la kusema. Hakiwezi kukaa mahali pake.

Kenya imetupa mfano mzuri wa akili hii. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015, haukuwapa walimu wote kompyuta bapa. Walimu walipewa vitabu na viongozi vya mwalimu vilivyochapwa, na kompyuta bapa wakapewa maafisa wa kusaidia walimu, wale wanaozunguka shule. Ndani yake mlikuwa na maandalio ya masomo na fomu ya kumtazama mwalimu darasani na kuwapima watoto wachache kusoma, na mashine ikaandika yenyewe mahali na saa ya ziara, hata afisa asingeweza kujaza fomu akiwa nyumbani kwake. Hapo mashine haikuchukua kazi ya mtembezi, ilimtia nguvu miguuni. Zanzibar nayo, kwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, ilionyesha upande mwingine wa hekima hiyo hiyo: redio ilisema na watoto na mwalimu pamoja, ikampa maelekezo ya kutenda papo hapo, naye akajifunza ufundi kwa kuutenda, kama vijana wa UPE walivyojifunza.

Mtu aweza kupinga kwa hoja nzito. Tanzania ina shule za msingi za serikali zaidi ya 16,000, na walimu wanaopita laki moja na nusu. Atatoka wapi mtembezi wa kuwafikia wote, na mafuta ya pikipiki yake nani atalipa? Mtandao ni rahisi kwa kila kichwa, na uchumi hauna huruma. Hoja hii ni ya kweli, wala haijibiwi kwa kuikana. Lakini ina kasoro moja: inalinganisha bei bila kulinganisha kinachonunuliwa. Kitu rahisi kisichobadili ufundishaji ni ghali kupita kitu ghali kinachoubadili. Na tena, mtembezi si lazima atoke mbali. Yuko Afisa Elimu Kata, ambaye kazi yake kwa asili ni hiyo, ingawa mara nyingi imemezwa na takwimu, michango na mikutano. Yuko mwalimu hodari wa shule ya jirani, ambaye angeweza kupunguziwa vipindi viwili vya juma ili akae nyuma ya darasa la mwenzake. Yuko mwalimu mkuu mwenyewe. Na wako walimu wawili wa darasa la pili katika shule moja, ambao kwa miaka wamefundisha vyumba vilivyotenganishwa na ukuta mmoja bila hata mmoja kuwahi kumtazama mwenzake akifundisha. Mtandao ukiondoa gharama ya kusafirisha neno, basi fedha iliyookolewa ielekezwe kugharimia jicho.

Limebaki jambo la mzigo unaorudi, nami naliona kuwa ndilo lililosahauliwa kuliko yote. Masomo mengi ya mtandaoni hutoka Dar es Salaam na Dodoma kwenda bara, na yanayorudi ni hesabu tu: nani amefungua, nani amemaliza, nani amepata alama ngapi. Lakini taabu ya kalamu na karamu haikuandikwa na mtu wa pwani, kwa sababu mtoto wa pwani haimpati. Mjuzi wake ni mwalimu wa Bukene aliyeishi nayo miaka ishirini, ambaye labda amebuni mchezo wa kuwafanya watoto wautetemeshe ulimi waone r ilipo, au amegundua kwamba kula na kura hufunzwa vyema siku ya kumchagua kiongozi wa darasa. Maarifa hayo yangemfaa mwalimu wa Shinyanga, wa Mwanza na wa Simiyu, ambao watoto wao wana ulimi huo huo, kuliko ambavyo yangemfaa mtu wa Wizarani. Lakini yeye akistaafu yatastaafu pamoja naye, kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kuyapitishia.

Walimu wenyewe wamekwisha kuufungua mlango wa uani. Katika makundi yao ya WhatsApp hutumiana maazimio ya kazi, mitihani, picha za zana walizotengeneza kwa vifuniko vya chupa, na maswali ya usiku wa manane kabla ya somo la kesho. Ni soko lisilo na mpimaji: jema na bovu huuzwa kwa sauti moja, na mara nyingine salamu na matangazo ya harusi hulifunika somo. Lakini lina uhai ambao mifumo rasmi haina, kwa sababu kila aingiaye ni mnunuzi na mwuzaji. Kwa fikra yangu kazi ya Taasisi ya Elimu na ya vyuo vya ualimu, kikiwamo cha Ndala kilicho katika wilaya ile ile ya Nzega, isingekuwa kulifunga soko hilo wala kushindana nalo, bali kuweka mizani ndani yake: mkufunzi wa Ndala apokee yale ambayo walimu wa kata wameyajaribu, ayapime darasani, ayaandike vizuri, na kuyarudisha katika mfumo wa taifa yakiwa na jina la shule yalikotoka. Mambo Leo lilifanya jambo la jinsi hiyo kwa wino na posta. Itakuwa aibu iwapo tutashindwa kulifanya kwa nuru iendayo ndani ya waya.

Kwa muhtasari wa haya yote, mafunzo ya mwalimu kwa kompyuta na mtandao yana heri, ila heri yake ina masharti matatu yanayoshikana kama mafiga: pawe na saa ya kujifunza iliyoandikwa katika ratiba, pawe na jicho la mtu wa kumtazama mwalimu akitenda, na pawe na njia ya mwalimu kurudisha alichokigundua. Figa moja likiondolewa, chungu humwagika, hata kama moto ni mwingi. Matatu yakiwapo, hata kishikwambi kilichopasuka kioo kitatosha kupika. Mwenye kutaka kujua kama mpango wa mafunzo umefaulu, asitazame idadi ya vifaa vilivyogawiwa wala ya vyeti vilivyochapwa. Aende Bukene, aingie darasa la pili, aketi nyuma, na amwombe mwalimu aandike ubaoni kalamu na karamu. Watoto wakiyasoma kuwa mawili, amtafute mwalimu baada ya kengele, amwulize alifanyaje. Na atakachojibiwa akiandike, kwa maana hilo ndilo somo linalongojewa Dar es Salaam.